Swali la Arubaini na Moja

Keti, Nanjala. Kigoda hiki kina miguu mitatu
lakini hakijamwangusha mtu.
Siku za mwizi ni arubaini; maswali yako, naona,
yamepita hapo kwa moja, na bado.
Unauliza: pesa zingekuja bila masharti,
ungempeleka mtoto kliniki?
Kidole chako kinangoja juu ya kishikwambi:
ndiyo, hapana, sijui.

Kishushe kwanza.

Siku ile shuleni mlileta ndoo ya buluu.
Tukatumbukiza mkono, mmoja mmoja, macho tumefumba.
Mimi nikatoa karatasi ya kijani:
elfu mbili kila mwezi, ila Okinyi apimwe uzito,
achanjwe, kadi ipigwe muhuri.
Nereah, ambaye kuku wake hutaga kwangu, akatoa ya manjano:
elfu mbili zilezile, bila neno.
Konsolata, nyeupe:
mche wa sabuni na "asante kwa kushiriki".
Siku tatu hakutusalimia.
Ya nne alikuja kuomba moto, tukacheka,
lakini kicheko kilikuwa na mchanga, kama mchele usiochaguliwa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Nikainama.
Okinyi mgongoni, kadi ndani ya karatasi ya unga isilowe,
kilomita saba kukatiza mashamba ya mpunga,
vyura wakinikariria masharti kutoka kila mfereji.
Januari, muhuri. Februari, muhuri.
Machi, kilo nane na nusu!
Nikajihisi ni mimi niliyening'inizwa mizanini, nikatosha.

Aprili Nyando ikavunja kingo.
Maji yaliingia usiku bila hodi,
yakalala kitandani pangu,
yakaondoka na sufuria, yakaondoka na daraja.
Mei yalishuka, nikafika zahanati na matope hadi magotini:
kufuli. Wauguzi wamegoma.
Nikakaa kizingitini nikamnyonyesha.
Kupitia dirisha niliuona muhuri wenyewe,
umelala mezani kando ya kikombe cha chai iliyoota ukungu.
Simu ikalia mfukoni:
Hujatimiza sharti. Malipo yamesitishwa.

Usiandike kwamba nina ugomvi na sharti. Sina.
Baba Okinyi anazijua njia zote za kupoteza elfu mbili,
na kadi ile ilikuwa ngao yangu.
"Hizi ni za mtoto, tazama muhuri,"
naye akarudisha mkono mfukoni, akainuka, akaenda zake.
Nereah hakuwa na ngao.
Zake za Machi zilikwenda matangani kwa shemeji.
Lakini za Aprili, Nanjala, za Aprili
zilinunua unga na mafuta taa kule shuleni tulikokimbilia,
na chungu kimoja kikalisha nyumba tatu.
Hakuna aliyempigia Nereah muhuri.

Na usiku wa maji, mimi nikihangaika na mbuzi,
aliyemvusha Okinyi ni Konsolata.
Konsolata wa karatasi nyeupe,
maji kifuani, mtoto ndani ya beseni, beseni kichwani,
akimwimbia uongo kwamba wanakwenda sokoni Ahero.
Hilo liko katika swali la ngapi?
Nimesikiliza yote arubaini. Sijalisikia.

Haya, inua kidole.
Ningempeleka? Nilimpeleka Mei, bila senti,
nikabisha hodi kwenye kufuli.
Andika ndiyo.
Halafu, pakibaki nafasi, andika na hili:
aliyekiweka kitu mvunguni
naye ainame siku moja, na mtoto mgongoni,
ajue kitanda chake kiko chini kiasi gani.

Hapana nafasi?
Kisanduku kinakubali neno moja tu?

Basi. Kunywa uji kabla haujapoa.
Uliza la arubaini na mbili.